Betri ya Pikipiki Inapoishiwa Nguvu: Kumtafuta Mwizi wa Umeme

Katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Usukuma, pikipiki ndiyo gari la abiria, gari la mizigo na, usiku wa manane, gari la wagonjwa. Hubeba mwalimu kwenda shuleni, mfuko wa pamba kwenda mnadani, na mama mjamzito kwenda zahanati. Kwa hiyo jambo dogo linaloisimamisha si dogo hata kidogo kwa wale wanaoitegemea.

Tatizo lijulikanalo na kila dereva ni hili. Alfajiri hubonyeza kitufe cha stata, na badala ya mngurumo wa injini husikika mlio mkavu tu: tak, tak. Taa ya mbele huwa nyekundu kama kaa linalozimika. Hukumu hutolewa papo hapo: betri imekufa. Betri mpya hununuliwa, pikipiki huwaka, na dereva hurudi kazini akiwa na furaha. Baada ya wiki mbili au tatu husikika mlio ule ule. Sasa lawama humwangukia muuza duka, kwamba ameuza betri bandia.

Pengine lawama hiyo ni ya haki, lakini aghalabu si ya haki. Betri iliyokutwa tupu ni kama kihenge kilichokutwa kitupu. Mkulima mwenye busara habomoi kihenge na kujenga kingine kabla ya kuuliza mambo matatu: Je, kihenge chenyewe kinaweza kushika nafaka? Je, mavuno yaliingia? Je, kuna panya alaye usiku watu wakiwa wamelala? Uchunguzi wote wa umeme wa pikipiki umo ndani ya maswali hayo matatu, na kila swali lina jibu la tarakimu. Kifaa kihitajiwacho ni mita moja ya umeme, ile ndogo ipimayo volti, ampea na omu, ambayo maabara nyingi za shule za sekondari huwa nayo na ambayo bei yake kwa kawaida haifikii bei ya betri.

Yafaa kwanza kujua kilichomo ndani ya kisanduku kile. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo. Ndani yake mna seli sita zilizounganishwa kwa mfuatano. Kila seli ina bamba la risasi na bamba la oksidi ya risasi, yaliyozama katika asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji, nayo hutoa volti 2.1 hivi. Mara sita ni volti 12.6. Betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hufunikwa na salfeti ya risasi, na asidi hugeuka kuwa majimaji zaidi. Inapochajiwa, mambo hayo hurudi nyuma. Lakini salfeti ikiachwa juu ya mabamba kwa siku nyingi, fuwele zake hukua na kuwa ngumu, na chaji haiwezi tena kuziyeyusha zote. Ndiyo maana betri iliyoachwa tupu kwa mwezi mzima huharibika kweli, hata kama mwanzoni haikuwa na kosa lolote. Mwizi wa umeme haibi umeme tu. Akiachwa kwa muda, huua na betri yenyewe.

Betri nyingi za pikipiki ndogo zina ujazo wa ampea-saa 5 hivi. Maana yake, kwa hesabu nyepesi, ni kwamba zinaweza kutoa ampea 1 kwa saa 5, au nusu ampea kwa saa 10. Tarakimu hiyo ikumbukwe, kwa kuwa itatumika tena chini.

Swali la kwanza, kama kihenge kinashika, hujibiwa injini ikiwa imezimwa. Betri iachwe ipumzike saa chache, au taa ya mbele iwashwe kwa dakika moja kisha izimwe, ili volti za juu juu zilizobaki baada ya kuchaji zipungue. Kisha mita iwekwe kwenye vichwa viwili vya betri. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Na chini ya 11.9 ni tupu. Wanafunzi wengi hushangaa kuona kwamba kati ya kujaa na kuwa tupu kuna tofauti isiyofika volti moja. Hiyo ndiyo sababu kuitazama taa kwa macho hakutoshi: taa huwaka karibu sawasawa kwa volti 12.6 na kwa volti 12.1, lakini stata huona tofauti.

Betri iliyoonekana tupu isihukumiwe ikiwa tupu. Ichajiwe kwanza, kwa mkondo mdogo, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, yaani nusu ampea kwa betri ya ampea-saa 5, kisha ipumzike na kupimwa upya. Ikiwa baada ya kuchajiwa usiku kucha mita inaonyesha volti 10.5, jibu ni la wazi kwa yeyote ajuaye kutoa: 12.6 kutoa 2.1 ni 10.5. Seli moja imekufa, na hakuna fundi awezaye kuifufua. Ikiwa inaonyesha 12.7, stata ibonyezwe huku mita ikitazamwa. Volti zitashuka, na ni haki zishuke, lakini zikianguka chini ya 9.5 hivi, betri haina tena nguvu ya kubeba mzigo. Zikibaki juu ya hapo, betri ni nzima, na mtuhumiwa anapaswa kuachiliwa.

Swali la pili ni la mavuno. Umeme wa pikipiki hutoka wapi? Mwaka 1831 Michael Faraday, huko Uingereza, alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, mkondo huzaliwa ndani ya waya. Pembeni mwa injini ya pikipiki, chini ya kifuniko, kuna gurudumu lenye sumaku lizungukalo pamoja na mtaimbo wa injini. Ndani ya gurudumu hilo kuna koili zisizozunguka. Kila sumaku ipitapo, mkondo huenda upande huu. Ipitapo ya ncha nyingine, mkondo hurudi upande ule. Huo ni mkondo geu, na betri haiwezi kuupokea, kwa sababu kilichoingizwa kingetolewa mara moja. Hivyo umeme hupitishwa kwanza katika kisanduku kidogo chenye mapezi ya bati nene, ambacho mafundi hukiita rektifaya. Humo diodi huuruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, na saketi nyingine huzuia volti zisizidi 14.5 hivi.

Kisanduku hicho kinastahili maneno zaidi, kwa maana ndicho kisichoeleweka kuliko vyote. Katika jenereta ya gari, nguvu ya sumaku yenyewe huongezwa na kupunguzwa kulingana na mahitaji. Sumaku za pikipiki ni za kudumu, haziwezi kupunguzwa. Injini ikienda kasi, umeme mwingi huzalishwa utakiwe usitakiwe. Katika pikipiki nyingi, rektifaya huondoa ziada kwa kuirudisha kwenye fremu, na kazi hiyo huleta joto. Mapezi yale ni ya kupozea. Katika miezi ya mvua, barabara za mbuga nyeusi za Simiyu hulipaka kila kitu tope lisilobanduka, na mapezi yaliyofunikwa kwa tope hayapoi. Kuyasafisha ni kazi ya dakika mbili, na si jambo lionekanalo kama matengenezo. Ndiyo maana husahaulika.

Kupima mavuno, injini iwashwe, mita ibaki kwenye vichwa vya betri, na mwendo wa injini uongezwe hadi ule wa safari, kama mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika. Kipimo katika mwendo wa kupumzika hudanganya, kwani hapo sumaku huzunguka polepole na umeme ni haba hata kwa pikipiki iliyo nzima. Volti zinapaswa kupanda kutoka 12 na kitu hadi kati ya 13.5 na 14.8, kadiri kitabu cha pikipiki kisemavyo. Zikibaki 12.5 au zikishuka, mavuno hayaingii. Zikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia: betri itachemka, maji yatakauka, balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Dereva anayebadilisha balbu kila mwezi na kuongeza maji ya betri kila wiki asilaumu balbu wala jua.

Hapa hapana budi kutaja jaribio moja lipendwalo na baadhi ya mafundi: kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka, ili kuona kama itaendelea kuwaka. Jaribio hili halifai. Kwanza, halithibitishi kitu. Pikipiki nyingi ndogo zina koili ya pekee kwa ajili ya cheche ya plagi, nazo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imetolewa kabisa. Nyingine hutegemea betri kwa cheche, nazo huzima hata kama mfumo wa kuchaji ni mzima. Pili, betri ni kama bwawa linalotuliza mafuriko. Ikiondolewa ghafla, volti zaweza kuruka juu na kuunguza rektifaya iliyokuwa nzima. Fundi huyo basi hupata kosa, kwa kuwa amelitengeneza mwenyewe.

Ikiwa mavuno hayaingii, wengi hukimbilia kununua rektifaya. Yafaa kutangulia kutazama njia. Tukio la kawaida mno ni kiungo cha waya kilichooza. Pikipiki huoshwa mtoni au kwa mpira wa maji, vumbi hugeuka udongo ndani ya soketi, na shaba hufanya kutu ya kijani. Kiungo cha namna hiyo kikiguswa na mita ya omu huonekana kizima au karibu kizima, kwa maana mita hupitisha mkondo mdogo sana. Lakini na ifanyike hesabu ya Kanuni ya Ohm. Ukinzani wa omu 0.4 ni mdogo, mtu angeudharau. Mkondo wa ampea 3 ukipita humo, volti zipoteazo ni 3 mara 0.4, yaani 1.2. Rektifaya hutoa volti 14.2, betri hupata 13.0 tu, na chaji huingia kwa kudondoka. Soketi ikishikwa kwa mkono huwa ya moto: umeme uliopotea umekuwa joto.

Upotevu huo hupimwa moja kwa moja. Injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, ncha moja ya mita iwekwe kwenye waya utokao rektifaya kwenda betri, na ncha nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Jibu jema ni karibu sifuri. Likizidi volti 0.3, mahali fulani kati ya ncha hizo mbili pana kiungo kibovu. Kipimo hicho hicho kifanywe kati ya kichwa cha hasi na fremu ya pikipiki, kwani boliti iliyolegea au iliyopakwa rangi huzuia umeme sawa na waya uliokatika. Kipande cha msasa na dakika kumi za kusugua zimewahi kuokoa fedha nyingi kuliko vipuri vyote vya dukani.

Njia ikiwa safi, koili zichunguzwe. Soketi ya koili itenganishwe na rektifaya, mita iwekwe kwenye volti za mkondo geu, na injini iongezwe mwendo. Volti zinapaswa kupanda pamoja na mwendo, zikifika makumi. Pikipiki yenye nyaya tatu za rangi moja ina awamu tatu, na kila jozi inapaswa kutoa volti sawa. Jozi moja ikiwa pungufu, koili imeungua. Koili zikitoa vizuri, njia ikiwa safi, na bado betri haichajiwi, hapo ndipo rektifaya hubaki bila utetezi, nayo ibadilishwe.

Swali la tatu ni la panya, alaye wakati pikipiki imelala. Dalili yake ni kwamba pikipiki ikitumika kila siku haina shida, lakini ikikaa tangu Ijumaa hadi Jumatatu haiwaki. Swichi izimwe na ufunguo utolewe. Waya wa hasi ufunguliwe kutoka kwenye betri, na mita, ikiwa kwenye soketi yake ya ampea 10, iwekwe kati ya waya huo na kichwa cha hasi, ili mkondo wote upite ndani ya mita. Stata isiguswe kamwe wakati huo, kwa maana huvuta makumi ya ampea na fyuzi ya mita itakatika. Pikipiki ndogo isiyo na saa wala kengele ya wizi inapaswa kuonyesha sifuri, au chini ya ampea 0.001.

Tuseme mita inaonyesha 0.05. Ni tarakimu ndogo. Balbu haiwezi hata kuwa nyekundu kwa mkondo huo. Lakini panya hana haraka. Ampea 0.05 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 5 itakuwa imekwisha kwa siku nne na kidogo, na stata itakuwa imegoma mapema zaidi, yapata siku ya pili au ya tatu. Mwalimu anaweza kuligeuza swali hilo kwa wanafunzi wake: ikiwa pikipiki haiwaki baada ya siku kumi, uvujaji waweza kuwa kiasi gani?

Kumnasa panya, vifaa vitenganishwe kimoja kimoja huku mita ikitazamwa. Kilichotenganishwa kikairudisha mita kwenye sifuri ndicho chenye kosa. Washukiwa wa kwanza ni vile vilivyoongezwa baada ya pikipiki kununuliwa: redio, kengele ya wizi, taa za mapambo, kichajio cha simu. Mara nyingi hivi huungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi, maana ndiyo njia fupi, hivyo huendelea kunywa usiku kucha hata pasipo simu. Mshukiwa wa mwisho, asiyefikiriwa na wengi, ni rektifaya. Diodi iliyochoka hupitisha umeme kinyume, na betri hujimwaga polepole ndani ya koili zile zile zinazopaswa kuijaza. Rektifaya ikitenganishwa na mita ikashuka hadi sifuri, mwizi amepatikana ndani ya nyumba ya mlinzi.

Hutokea pia kwamba vipimo vyote vitatu huwa vyema, na bado betri huisha. Hapo hesabu ya mapato na matumizi ifanywe. Stata hulaumiwa bure: ikivuta ampea 50 kwa sekunde 3, imetumia ampea-sekunde 150, ambazo chaji ya ampea 1 huzirudisha kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi. Lakini balbu ya breki ya wati 21, ikiwa swichi ya kanyagio imekwama na balbu haizimiki, huvuta ampea 1.75 bila kukoma. Pikipiki ikiegeshwa nayo hivyo, swichi kuu ikiwa wazi, betri iliyojaa huisha kwa muda usiofika saa tatu. Vivyo hivyo, ikiwa jenereta hutoa wati 60 katika mwendo wa polepole wa usiku, na taa ya mbele na ya nyuma hutumia wati 40, kuongeza taa mbili za wati 20 kila moja hufanya matumizi kuwa 80. Wati 20 zinazopungua huchukuliwa kutoka betri, nazo ni ampea 1.7 hivi. Hakuna kilichoharibika. Dereva amekopa kila usiku asichoweza kulipa mchana.

Ikiwa betri ni ya kuongezwa maji, yawe maji yaliyotoneshwa, si ya kisima wala ya bomba, maana chumvi zilizomo hubaki ndani maji yakikauka na huharibu mabamba. Maji ya mvua yaliyotiririka juu ya bati si safi kama yanavyodhaniwa. Wakati wa kuchaji hutoka hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka, kwa hiyo sigara na cheche zikae mbali. Asidi ikirukia jicho, maji mengi yatumike mara moja na kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Betri iliyothibitishwa kuwa imekufa isipasuliwe nyumbani, wala asidi yake isimwagwe shimoni, wala risasi yake isiyeyushwe jikoni. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kijulikanacho kuwa salama. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliugua kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na nyumba zao. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na shauri hilo liliendelea katika rufani hadi Mahakama ya Juu ilipolimaliza kwa upande wao Desemba 2024. Betri kuukuu ihifadhiwe ikiwa nzima, ikiwa imesimama wima, mbali na watoto na chakula, hadi itakaporudishwa kwa muuzaji au mnunuzi anayeipeleka kiwandani. Na ile iliyopimwa ikaonekana nzima irudi chini ya kiti cha pikipiki, vichwa vyake vikiwa vimesuguliwa na kupakwa grisi kidogo.